Lubumbashi: Mashini ya kufua ikitangaza kuvuja kwa maji, mambo ya kuchunguza kabla ya kumwita fundi

Nguo ziko ndani, sabuni imewekwa, robine iko wazi. Dakika chache baadaye mashini ya kufua inasimama, pompi yake inanguruma bila kukoma, na kwenye kioo kidogo cha mbele zinaonekana herufi mbili ambazo hakuna mtu nyumbani anayezifahamu. Sakafu ni kavu. Hakuna tone la maji linaloonekana. Hata hivyo mashini inadai kwamba inavuja, na inakataa kuendelea.

Kwa familia nyingi za Lubumbashi, makao makuu ya jimbo la Haut-Katanga, hilo ni pigo la makuta. Mashini ya kufua hainunuliwi kila mwaka. Baadhi ni mpya, zimenunuliwa magazini katikati ya mji. Nyingine ni za okazio: zilifanya kazi Bulaya kwa miaka mingi, zikapakiwa katika kontena, zikashuka bandarini Dar es Salaam au kwingine, na kuingia nchini kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Mashini ya namna hiyo mara nyingi inafika bila kitabu cha maelezo, na mwenye nyumba anabaki kukisia.

Habari njema ni kwamba kosa la kuvuja mara nyingi linatokana na jambo dogo ambalo mtu mzima mwenye subira anaweza kulitengeneza nyumbani. Habari mbaya ni kwamba kuna njia ya mkato inayotembea mjini, ya kukata waya wa kifaa kinachogundua maji ili mashini "inyamaze". Njia hiyo inaweza kuua mtu.

Mlinzi aliye chini ya mashini

Ili kuelewa kosa hilo, inafaa kujua kilichofichwa chini. Katika mashini nyingi za mlango wa mbele kuna sahani ya plastiki au ya chuma chini kabisa, mahali ambapo mtu haoni. Ndani ya sahani hiyo kuna boya dogo jepesi. Tiyo ikilegea, au povu likimwagika ndani, maji yanakusanyika katika sahani. Boya linapanda, linasukuma swichi, na mashini inapata habari: kuna maji mahali ambapo hayapaswi kuwa.

Katika mashini nyingine hakuna boya, kuna vyuma viwili vidogo vilivyowekwa karibu karibu. Maji yakigusa vyote viwili, kuranti ndogo inapita kati yake, na ujumbe ni uleule.

Mashini ikipata ujumbe huo, inafanya mambo mawili. Inafunga njia ya kuingiza maji, na inawasha pompi ya kutoa maji ili kuondoa yaliyo ndani ya pipa la kufulia. Ndiyo maana pompi inanguruma hata kama nguo zimekwisha kukaa bila maji. Haijaharibika. Inatii amri.

Jambo moja la kukumbuka: pompi hiyo inatoa maji ya ndani ya pipa, haitoi maji yaliyo katika sahani ya chini. Kwa hiyo hata mtu akizima na kuwasha mara kumi, kosa litarudi mpaka sahani ikauke. Hii ndiyo sababu watu wengi wanaamini kwamba mashini "imekufa", wakati ni maji ya kikombe kimoja au viwili tu yamebaki chini.

Mashini za mapipa mawili, ambazo upande mmoja unafua na upande mwingine unakamua, kwa kawaida hazina mlinzi huyu. Zikivuja, maji yanatoka moja kwa moja sakafuni na mtu anayaona. Tatizo la herufi kwenye kioo ni la mashini zinazojiendesha zenyewe.

Herufi hazifanani

Kila kiwanda kina lugha yake. Katika mashini nyingi za Samsung, kosa la kuvuja linaandikwa LC, na katika zile za zamani kidogo LE. Bosch na Siemens zinaandika E23 au F23. Mashini za familia ya Electrolux, pamoja na AEG na Zanussi, zinaandika EF0. Kwa LG, kuvuja kunaandikwa AE.

Hapo ndipo mtego ulipo. Herufi LE, ambazo kwa Samsung zinahusu maji, kwa LG zinahusu mota iliyoshindwa kuzunguka. Mtu anayefuata ushauri wa jirani mwenye mashini ya kiwanda kingine anaweza kupoteza siku nzima akitafuta maji ambayo hayapo. Kabla ya kufungua visi hata moja, soma jina la kiwanda na namba ya modeli. Namba hiyo iko kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango, pembeni mwake au nyuma ya mashini. Kwa namba hiyo, kitabu cha maelezo kinaweza kupatikana kwenye intaneti ya simu.

Usitafute kosa ukiwa na miguu mitupu

Maji na kuranti havikai pamoja. Kama sakafu imelowa, usiiguse mashini wala kuingia katika maji hayo. Nenda kwanza kwenye kontere au dijonkteri, ukate kuranti ya nyumba. Kisha ondoa waya wa mashini kwenye prizi. Mwisho, funga robine ya maji. Vaa viatu vyenye soli ya mpira.

Usitosheke na kubonyeza kitufe cha kuzima. Mashini iliyozimwa kwa kitufe bado ina kuranti ndani mradi waya wake uko kwenye prizi.

Swali la waya wa ardhi ni zito zaidi. Katika nyumba nyingi, hasa zile zilizoongezewa vyumba polepole, prizi ina matundu mawili tu, au ina alama ya ardhi ambayo nyuma yake hakuna waya wowote. Katika nyumba ya namna hiyo, kuranti ikigusa mwili wa chuma wa mashini, haina njia nyingine ya kufika ardhini isipokuwa kupitia mtu atakayeigusa. Fundi wa kuranti anaweza kuchimbia chuma cha ardhi na kuweka dijonkteri ya kulinda watu, ile inayokata kuranti ikipotea kiasi cha miliampea 30 tu. Kwa nyumba yenye mashini ya kufua, hiyo ndiyo matumizi ya kwanza ya makuta, kabla ya sabuni na kabla ya nguo zenyewe.

Ralonji nyembamba inayopita sakafuni nayo ni hatari. Mashini inayopasha maji moto inaweza kula karibu wati 2.000. Waya mwembamba utapata joto, na kama umepita mahali panapolowa, hatari inakuwa mara mbili.

Kukausha sahani ya chini

Baada ya kukata kuranti na maji, kazi ya kwanza ni kutoa maji yaliyokusanyika chini.

Anza na maji ya ndani ya pipa. Mbele ya mashini, chini upande wa kulia au wa kushoto, kuna mlango mdogo. Ndani yake kuna kifuniko cha kuzungusha: hiyo ndiyo filtri ya pompi. Katika baadhi ya mashini kuna pia kitiyo chembamba chenye kizibo. Weka karai fupi au sahani pana chini, kisha fungua kidogo kidogo. Kama mashini ilikuwa inafua kwa maji ya moto, ngoja mpaka yapoe.

Baada ya hapo, watu wawili wenye nguvu wanaweza kuiinamisha mashini polepole, kwa kiasi, huku wa tatu akipokea maji kwa kitambaa. Isifanywe na mtu mmoja. Mashini ya mlango wa mbele ina uzito wa kilo 60 hadi 80, kwa sababu ndani yake kuna mawe ya beto yanayoizuia kuruka ruka wakati wa kukamua. Ikimwangukia mtoto au kuvunja mguu, hasara itazidi bei ya mashini.

Njia iliyo salama zaidi ni kuiacha. Katika miezi ya kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, hewa ya Lubumbashi ni kavu na sahani inaweza kukauka yenyewe ikiachwa siku moja au mbili mahali penye upepo. Wakati wa mvua inachukua muda mrefu zaidi.

Lakini kukausha ni kufuta alama, si kuponya. Kama mashini inakubali kuanza tena baada ya kukauka, swali linabaki: maji yale yalitoka wapi?

Saa ya kuvuja inamtaja mkosaji

Mafundi wenye uzoefu hawaanzi kwa kufungua. Wanaanza kwa kutazama. Siri yao ni rahisi: kila hatua ya kufua inatumia sehemu tofauti za mashini, kwa hiyo wakati maji yanapotokea unaonyesha mahali yanapotoka.

Chukua vipande vya karto vikavu, uvitandaze chini ya mashini, kimoja mbele, kimoja katikati, kimoja nyuma. Anzisha mashini bila nguo na bila sabuni, kwa maji baridi. Kaa karibu, lakini usiiguse. Baada ya kila hatua, vuta karto kwa fimbo kavu utazame.

Kama karto inalowa wakati maji yanaingia, mkosaji yuko upande wa kuingiza: tiyo kutoka robineni, mpira mdogo ulio ndani ya mdomo wake, vali ya kuingiza maji nyuma ya mashini, au kisanduku cha sabuni.

Kama inalowa wakati mashini inazungusha polepole, tazama mpira wa mlango, na tiyo nene inayounganisha pipa na pompi.

Kama inalowa wakati wa kutoa maji, chunguza filtri, pompi, na tiyo ya kutolea maji. Tiyo hiyo inaweza kuwa na ufa, au kutobolewa na panya.

Kama inalowa wakati wa kukamua tu, na mashini inalia kama ndege inayoruka, huenda mpira wa nyuma ya pipa na vyuma vinavyolizungusha vimechakaa. Hiyo ni kazi ya fundi, si ya nyumbani.

Na kama karto inabaki kavu kabisa katika hatua zote, lakini kosa lilitokea siku ya kufua kwa kweli, basi mshukiwa wa kwanza ni sabuni.

Povu linaweza kudanganya mashini

Sabuni ya unga inayouzwa kwa vipakiti sokoni Kenya au kwa mama wa kibanda pembeni mwa njia imetengenezwa hasa kwa kufua kwa mikono. Imekusudiwa kutoa povu jingi, kwa kuwa anayefua kwa mikono anapenda kuona povu. Ndani ya mashini, povu lilelile ni adui. Nguo zinapigwa na maji kwa muda mrefu, povu linapanda, linajaza pipa, linasukumwa kwenye kisanduku cha sabuni na kwenye kitiyo cha hewa, kisha linamwagika ndani ya mashini. Likifika katika sahani ya chini linageuka maji. Boya linapanda. Kosa linatokea, ingawa hakuna tiyo hata moja iliyopasuka.

Dawa yake haina gharama kubwa. Tafuta sabuni iliyoandikwa kwamba ni ya mashini. Kama haipatikani, punguza sana ile ya mikono: vijiko viwili vya mezani kwa mzigo wa kawaida, si kikombe kizima. Kama povu limekwisha kujaa, simamisha mashini, iache povu lishuke, kisha fanya mzunguko wa kusuuza kwa maji baridi bila kuongeza sabuni. Kiasi kidogo cha siki nyeupe au cha maji ya kulainisha nguo kinasaidia kuliangusha.

Kisanduku cha sabuni chenyewe kinahitaji kuoshwa. Unga unaoganda ndani yake unaziba matundu, na maji yanayoingia yanakosa njia, yanafurika na kutiririka mbele au ndani ya mashini. Kisanduku hicho kinatoka: kivute, kisugue kwa mswaki wa zamani katika maji ya uvuguvugu, ukirudishe.

Filtri iliyofungwa nusu na mifuko ya salopeti

Sababu nyingine ya nyumbani kabisa ni filtri ya pompi. Mtu anaisafisha, anairudisha kwa haraka, nyuzi za kifuniko hazishikani vizuri. Hakuna maji yanayoonekana mbele, lakini kila mashini inapotoa maji, matone yanapita kando ya kifuniko na kuingia katika sahani. Baada ya kufua mara mbili au tatu, boya linapanda. Kama kosa lilianza siku chache baada ya kusafisha filtri, anza hapo. Ifungue, futa mchanga na nywele kwenye nyuzi na kwenye pete yake ya mpira, kisha uifunge mpaka mwisho kwa mkono, bila kutumia pensi.

Lubumbashi ni mji wa migodi, na hilo linaonekana katika kufua. Salopeti za kazi zinarudi nyumbani na vumbi jekundu, vijiwe, misumari na visi mifukoni. Kila kijiwe kinachoingia katika pipa kina njia tatu: kinakwama katika filtri, kinavunja bawa la pompi, au kinajibana katika mkunjo wa mpira wa mlango na kuukata. Waya wa sidiria unafanya vivyo hivyo.

Kabla ya kufua, geuza mifuko nje na ukung'ute salopeti uani. Baada ya kufua, panua mkunjo wa mpira wa mlango kwa vidole, toa uchafu, ufute kwa kitambaa. Chunguza hasa sehemu ya chini, ambako maji hukaa. Tundu dogo la mpira linaweza kuzibwa kwa muda kwa kifaa cha kubandulia na kubandika mipira ya baiskeli, lakini kiraka hicho hakidumu: mpira mpya ndio suluhisho.

Maji ya foraji na tanki lililo chini mno

Nyumba zenye maji ya REGIDESO wakati wote zina bahati. Nyingine zinategemea foraji ya parsele au ya jirani, na tanki la plastiki lililowekwa juu ya mnara wa chuma au wa matofali. Hapo yanatokea matatizo mawili ambayo vitabu vya maelezo vya Bulaya havielezi vizuri.

La kwanza ni mchanga. Mahali tiyo inapofungwa nyuma ya mashini kuna kichujio kidogo. Kikiziba, maji yanaingia polepole. Kikitobolewa au kuondolewa na mtu aliyetaka maji yaingie haraka, chembe za mchanga zinafika kwenye vali. Chembe moja ikikaa katikati ya mpira wa vali, haifungi tena sawasawa. Maji yanaendelea kuingia tone kwa tone, hata mashini ikiwa imezimwa, mpaka pipa linajaa kupita kiasi.

Kuna kipimo rahisi cha kugundua hilo. Ondoa waya wa mashini kwenye prizi, acha robine wazi, fungua mlango wakati pipa halina maji, usikilize kwa dakika kumi. Vali nzima haipitishi hata tone bila kuranti. Kama maji yanatiririka ndani, vali ni mbovu au ina uchafu, na inapaswa kusafishwa au kubadilishwa.

La pili ni nguvu ya maji. Vali nyingi za mashini zinafungwa kwa msaada wa msukumo wa maji yenyewe. Vitabu vingi vinadai msukumo usiopungua bari 0,5. Tanki linalokaa mita 10 juu ya mashini linatoa karibu bari 1. Likiwa mita 5, bari 0,5. Likiwa juu ya mnara wa mita 3, bari 0,3 tu. Kwa msukumo mdogo namna hiyo, mashini inaweza kulalamika kwamba maji hayaingii, na vali inaweza kushindwa kujifunga kikamilifu. Anayeona matatizo yote mawili kwa zamu, maji kuchelewa kuingia na kisha kosa la kuvuja, asifungue mashini kabla ya kupima urefu wa mnara wake. Kuinua tanki, au kuweka pompi ndogo ya kuongeza nguvu ya maji, kunaweza kuponya ugonjwa ambao fundi aliutafuta katika mashini bila kuuona.

Wale wenye mashini za okazio watazame pia mdomo wa tiyo ya kuingiza maji. Kama una kisanduku kikubwa cha plastiki upande wa robine, ndani yake kunaweza kuwa na vali ya kuranti, na waya wake unapita ndani ya tiyo hiyo hiyo. Tiyo ya namna hiyo haikatwi ili kurefushwa, wala kisanduku hakitumbukizwi katika maji.

Kuranti ikikatika katikati ya kufua

SNEL ikikata kuranti wakati mashini imejaa maji, mlinzi wa chini analala. Boya linaweza kupanda, lakini hakuna wa kupokea ujumbe wake. Pompi haizunguki. Kama tiyo imelegea au vali haifungi, maji yataendelea kuingia kwa saa nyingi, na kuranti ikirudi usiku itakuta mashini yenye sahani iliyojaa na sakafu iliyolowa.

Kwa hiyo kanuni ya nyumba za Lubumbashi iwe hii: kuranti ikikatika, funga robine mara moja na uondoe waya kwenye prizi. Ikirudi, ngoja dakika chache itulie kabla ya kurudisha, kwa sababu mara nyingi inarudi kwa kupanda na kushuka, na kadi ya elektroniki ya mashini ni dhaifu mbele ya mshtuko huo. Regulateri nzuri inasaidia, mradi iwe na nguvu ya kutosha kwa mashini. Ile ya televisheni haitoshi.

Kanuni hiyo ya robine ifuatwe hata siku ambazo kuranti ipo. Tiyo inayokaa na msukumo wa maji usiku na mchana inachoka upesi kuliko ile inayofungwa baada ya kufua.

Kwa nini waya wa mlinzi haukatwi

Baada ya kosa kurudi mara tatu, kishawishi kinakuja. Mtu anafungua ubavu wa mashini, anaondoa boya au anakata waya wake, na kosa linapotea. Mashini inafua tena. Mwenye nyumba anafurahi, fundi analipwa.

Lakini maji bado yanatoka. Sasa yanajaza sahani bila kizuizi, yanafikia mota na nyaya zilizo chini, kisha yanamwagika sakafuni. Katika nyumba isiyo na waya wa ardhi wala dijonkteri ya kulinda watu, anayekuja kutoa nguo, mara nyingi mama, binti au mfanyakazi wa nyumbani, mwenye mikono iliyolowa na miguu mitupu juu ya saruji, ndiye anayekuwa njia ya kuranti. Mashini iliyokuwa na kosa la makuta kidogo imekuwa mtego.

Anayenunua mashini ya okazio achunguze jambo hilo kabla ya kulipa. Aombe iinuliwe kidogo, atazame kama sahani ya chini ipo na kama boya lina waya wake. Aulize pia kama ile misumari mikubwa minne, au mitatu, inayoshikilia pipa wakati wa safari imeondolewa nyuma. Mashini inayokamua ikiwa bado imefungwa kwa misumari hiyo inatikisika vibaya sana, inatembea chumbani, na tiyo zake zinalegea moja baada ya nyingine.

Wakati wa kumwita fundi

Kama filtri imefungwa vizuri, sabuni imepunguzwa, mpira wa mlango ni mzima, tiyo ni kavu na kosa bado linarudi, basi ni wakati wa fundi. Vivyo hivyo kama kuna harufu ya kuungua, kama dijonkteri inaanguka kila mashini inapowashwa, au kama kuna kutu na mafuta yanayotiririka nyuma ya pipa.

Mweleze alichokiona kila mtu nyumbani: herufi zilizoandikwa, hatua ambayo maji yalitokea, karto iliyolowa, na maji yanatoka wapi, REGIDESO au foraji. Habari hizo zinapunguza saa zake za kutafuta, na pia bei. Mwombe akuonyeshe kipande kilichoharibika kabla na baada ya kukibadilisha. Akimaliza, mashini ifue mzunguko mzima mbele yake, ikiwa na nguo ndani, na karto kavu chini.

Muulize pia swali moja la mwisho: je, mlinzi wa maji bado anafanya kazi? Fundi wa kweli hatakasirika. Atamwaga kikombe cha maji katika sahani ya chini, na mashini itaandika kosa lake mbele ya macho ya wote. Kisha ataikausha, na kazi itakuwa imekwisha.